Nilitenga sinia la watoto wa marehemu dada yangu

BARUA

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Ujiji, Kigoma. Kazi yangu ni dagaa. Alfajiri vipe, yaani vyombo vya wavuvi, vikiingia nakuwa mwaloni Katonga, nanunua, naanika, nawauzia wanaopeleka Dar es Salaam. Mume wangu ni mvuvi, anaingia ziwani na chombo cha mtu, na wanagawana baada ya mwenye chombo kutoa mafuta yake. Wewe unajua maisha ya dagaa. Giza likiwepo tunakula. Mbalamwezi ikitoka vyombo vinakaa nchi kavu, na sisi tunabaki kuangaliana.

Tuna watoto wetu wawili: wa kiume ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na wa kike ana miaka 8. Mama yangu mzazi pia nakaa naye, ameshapita miaka 70 na macho hayaoni vizuri. Miaka mitatu iliyopita dada yangu alifariki. Aliugua miezi mitano na mimi ndiye niliyemuuguza. Aliacha watoto watatu. Wa kwanza ni binti, sasa ana miaka 13, yuko darasa la saba. Anayemfuata ni wa kiume, miaka 9. Wa mwisho, wa kiume pia, ana miaka minne. Mama yake alipoondoka alikuwa ndio kwanza anajifunza kutembea, na mama anayemjua ni mimi.

Baada ya hitma ya arobaini kilikaa kikao cha pande zote mbili. Watu walizungumza vizuri, Mama, hata nililia kwa faraja. Mjomba wetu aliandika kwenye daftari kila mtu alichoahidi. Kaka yangu anayelima tumbaku Kaliua alisema ataleta gunia mbili za mahindi kila mavuno. Baba mdogo wa watoto alisema sare na madaftari ni juu yake. Baba yao mzazi alisema atatuma shilingi 60,000 kila mwezi. Alituma miezi miwili. Sasa yuko machimboni Chunya, ameoa, na simu yake inaita tu. Kaka alileta gunia moja mwaka ule wa kwanza. Baba mdogo hajaleta hata kalamu. Daftari mama amelifungia sandukuni pamoja na kanga za marehemu, hatujalifungua tena.

Dada hakuacha vitu vingi. Cherehani niliiuza wakati wa ugonjwa. Kuna kishamba cha michikichi kule Simbo alichokinunua kabla hajaolewa, shemeji zake ndio wanaovuna, mimi sikutaka ugomvi.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, nilikopa ile mikopo ya kausha damu ili watoto wale. Mpaka leo sijatoka. Nikimaliza mmoja nachukua mwingine nifunike shimo la kwanza, na kila jioni mtu wa rejesho yuko mlangoni.

Sasa nikuambie kilichonifanya nikuandikie. Nyumbani kwetu watoto wote wanakula sinia moja, ndivyo tulivyolelewa. Ramadhani iliyopita mboga ilikuwa inapungua, nikaanza kupakua masinia mawili, la wanangu na la watoto wa marehemu. Nilijiambia ni ili wasigombane. Lakini najua nilikuwa nafanya nini. Vipande vya katikati vya mgebuka vilikuwa vinakwenda upande mmoja, mikia na vichwa upande mwingine. Hakuna aliyelalamika. Mama haoni vizuri, lakini nadhani alisikia sauti za masinia mawili, maana siku hizo alikuwa anamwita yule mdogo aje ale naye.

Yule binti wa miaka 13 amebadilika. Anaamka kabla ya adhana, anasugua masufuria ambayo hata si zamu yake. Usiku mmoja nimeamka kumsindikiza mama msalani, nikamkuta jikoni anarudisha kipande chake cha mgebuka chunguni. Nikamuuliza, akasema ameshiba. Alikuwa amekula ugali wa kujaza kiganja. Ameshiba nini?

Wiki iliyopita shangazi yao, dada wa baba yao, amenipigia kutoka Dar es Salaam. Anasema nimpe yule binti, atamsomesha huko, shule za Dar ni nzuri. Anamtaka likizo hii ya Juni. Kwa kuwa amesikia hali yangu, atanitumia shilingi 50,000 kila mwezi za kusaidia wadogo zake. Najua ana mtoto mchanga, na dada wa kazi aliyekuwa naye ameondoka. Lakini ni shangazi, ni damu ya baba. Jirani naye ananishauri yule wa miaka minne nimpeleke kituo cha kulelea watoto, atakula vizuri na kuvaa vizuri.

Mume wangu hajawahi kuwanyanyasa. Juzi tu ndiyo alisema, "Mimi sijakataa watoto. Lakini niambie mwisho wake ni wapi." Nilikosa jibu.

Mama, nikimpeleka binti Dar nitakuwa nimemtupa au nitakuwa nimemsaidia? Na mimi ni mtu wa namna gani, niliyetenga sinia la yatima?

Mama wa dagaa, Ujiji


JIBU

Marahaba, binti yangu.

Kuhusu shangazi wa Dar nakujibu kwanza, kwa sababu Juni haisubiri. Usimpeleke.

Binti yako yuko darasa la saba. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unafanyika Septemba, na ameshasajiliwa katika shule anayosoma sasa. Mtu mwenye nia ya kumsomesha mtoto hamng'oi miezi mitatu kabla ya mtihani huo. Angesema: amalize kwanza, matokeo yakitoka tuzungumze kidato cha kwanza. Anayemtaka Juni anataka mikono ya kubeba mtoto mchanga, na wewe umeliona hilo, ndiyo maana ukaniandikia habari ya dada wa kazi aliyeondoka. Na zile 50,000 zitazame vizuri. Mtu akichukua mtoto kumlea, yeye ndiye anayegharamika. Akikulipa kila mwezi kwa sababu mtoto yuko kwake, huo ni mshahara, na anayeufanyia kazi ni mtoto wa miaka 13. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimruhusu aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, hata kwa kazi nyepesi. Iko pia sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, na kumhamisha mtoto kwa ahadi ya shule ili akatumikishwe ni jambo ambalo sheria hiyo inalihusu. Simwiti shangazi yao mhalifu. Nakutaka ujue uzito wa jambo unaloombwa kulibariki.

Mjibu hivi: "Wifi, nashukuru kwa kuwakumbuka watoto. Binti anafanya mtihani Septemba, hawezi kuondoka. Ile 50,000 uliyokuwa utume, itume sasa, tumnunulie viatu na vifaa vya kidato cha kwanza." Halafu nyamaza, msikilize. Kitakachofuata kitakuonyesha alikuwa anamtaka mtoto kwa ajili ya nini.

Habari ya kituo haitachukua muda. Mtoto wa miaka minne mwenye ndugu zake wawili, bibi yake na wewe anayekuita mama si mtoto wa kupelekwa kituoni. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa mwaka 2009, unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake, bali uwe ishara kwamba familia inahitaji kusaidiwa, na kwamba ndugu waliokwisha kushikamana wasitenganishwe ovyo. Jirani yako ana huruma, ila huruma yake imekosea njia.

Sasa sinia.

Sitakugombeza. Umejigombeza tangu Ramadhani. Mboga isipotosha, mkono unaopakua unalazimishwa kuchagua, na mkono wa mama unajua njia ya kwenda kwa aliyemzaa. Ungekuwa na migebuka minane usingetenga. Kwa hiyo acha kujiuliza wewe ni mtu wa namna gani. Lakini vilevile usijidanganye kwamba watoto hawakuona kwa kuwa hawakulalamika. Mtoto anayelelewa kwa ndugu huwa halalamiki. Anajipunguza.

Hili nalijua mwilini mwangu. Nilipokuwa na miaka 10 nililelewa kwa mama mkubwa, Tabora, mtaa wa Ng'ambo. Alikuwa mwanamke mwema, Mungu amrehemu, hakuwahi kuninyima chakula. Siku moja mgeni aliuliza, "Hawa wote ni wako?" Akajibu, "Wawili ni wa marehemu." Hakukosea, alisema kweli. Lakini tangu siku ile niliacha kuomba kalamu. Kalamu yangu ikiisha wino nilikuwa naipasha moto kidogo, naipuliza, naisugua kwenye nyayo mpaka itoe mistari michache. Mwalimu alidhani mwandiko wangu ni mbaya. Nilikuwa napunguza gharama yangu ndani ya nyumba ile. Ndicho anachofanya binti yako usiku anaporudisha samaki chunguni, na ndicho anachofanya anapoamka kabla ya adhana. Na nina hakika amesikia habari za Dar. Nyumba zetu kuta ni nyembamba. Usipomkataza, atakwambia mwenyewe kwamba anataka kwenda, na wewe utadhani ni hiari yake.

Rudisha sinia liwe moja, leo jioni. Na mgebuka usiukate vipande. Uchambue, toa miiba, uchanganye kwenye mchuzi wa nyanya, uongeze maji na kitunguu. Samaki mmoja akishakuwa mchuzi hana katikati wala mkia. Watoto watano watachovya sawa. Nimeliona hili nyumba nyingi za mwambao, na walioanza hawakuwa na samaki wengi kuliko wewe.

Kisha mkae wawili, wewe na binti, mahali ambapo wengine hawasikii. Usimuombe radhi kwa maneno marefu, atababaika. Mwambie: "Shangazi amekutaka Dar, nimekataa. Unafanya mtihani wako hapa. Na samaki wako ule, nitajua usipokula." Hayo yanatosha. Mtoto anataka kujua kwamba nafasi yake haihesabiwi upya kila mwezi.

Nakuja kwenye sentensi uliyoiandika ukaipita haraka kama mtu anayepita karibu na kaburi: kishamba cha michikichi kule Simbo ambacho shemeji zake wanavuna.

Binti yangu, hapo ndipo penye chakula cha watoto hawa. Michikichi si mahindi ya kuvuna mara moja ukasahau. Inazaa mwaka mzima, na ikiingia msimu wake mikungu inashindana. Tangu mwaka 2018 Serikali imekuwa ikilisukuma zao hili mkoani kwako, utafiti wa mbegu unafanyika pale Kihinga, na mwenye shamba la michikichi Kigoma leo si mtu wa kudharauliwa. Madumu ya mawese yamekuwa yakitoka kwenye shamba la dada yako kwa miaka mitatu, na wewe umekuwa unalipa kausha damu ili kuwalisha wanawe. Hujakwepa ugomvi. Gharama ya ugomvi umeibeba wewe, na faida wanayo wao.

Naona mmesoma hitma, basi mirathi yenu bila shaka ni ya Kiislamu, na katika hiyo mambo yako wazi. Mwanamke akifa akaacha mume, mama na watoto, mume anapata robo. Mama mzazi anapata sehemu moja ya sita. Kinachobaki chote ni cha watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Hapo shemeji wa marehemu hawamo. Hata mti mmoja. Baba wa watoto ana robo yake, ndiyo, hata kama hapokei simu. Na mama yako, yule mzee asiyeona vizuri mnayegawana naye ugali, yeye mwenyewe ni mrithi wa shamba lile.

Utaratibu ni huu. Tafuta cheti cha kifo cha dada yako. Kama hamkukichukua, kinaombwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ofisi yao iko kwa mkuu wa wilaya. Tafuta hati ya manunuzi ya shamba au shahidi aliyekuwepo aliponunua, na andika jina la mwenyekiti wa kijiji wa wakati ule. Kisha itisha kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe na kusainiwa, mpendekeze msimamizi wa mirathi. Anaweza kuwa wewe, anaweza kuwa mjomba aliyeandika daftari. Maombi yanapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kadhi au shehe wa BAKWATA atawaandikia mgawanyo, ila anayemteua msimamizi kwa nguvu ya sheria ni mahakama. Kabla ya kwenda tafuta msaidizi wa kisheria. Wapo kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao hauuzwi. Watoto wakiwa wadogo sehemu yao inashikwa kwa niaba yao, kwa chakula na shule, na anayeishika anatakiwa kutoa hesabu. Na wewe utatoa hesabu. Nunua daftari jipya, andika kila dumu.

Kikao hichohicho ndicho cha kufungulia sanduku la mama. Lile daftari la arobaini litolewe, lisomwe kwa sauti, na asome mjomba, si wewe. Ukisoma wewe litasikika kama lawama. Akisoma yeye ni maneno yao yanawarudia. Kaka yako wa Kaliua asisamehewe kwa sababu ni kaka. Anaweza kukwambia tumbaku mwaka huu haikulipa, na pengine ni kweli, basi alete gunia moja badala ya mbili, lakini lije. Tumezoea kusema mtoto ni wa ukoo. Kwenye matanga ni wa ukoo, kwenye gunia la mahindi ni wa mama mdogo peke yake. Hili linanichoma kuliko lolote katika barua yako, kwa sababu naliona kila wiki kwenye barua za watu wengine: mwenye roho laini ndiye anayeachiwa watoto, na kwa kuachiwa watoto ndiye anayefukarika, na akishafukarika wale waliokimbia wanakuja kumwambia hawezi kulea.

Baba yao. Mama akifa, wajibu wa baba haufi naye. Sheria ya Mtoto inamtaka mzazi atoe chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na kuoa tena hakumfuti. Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, mueleze afisa. Beba namba ya simu ya baba, jina la mahali anapochimba, na kumbukumbu za ile miezi miwili aliyotuma, kwa kuwa zinaonyesha kwamba aliukubali wajibu wake. Afisa anaweza kumwita, na akikaidi shauri la matunzo linakwenda Mahakama ya Watoto. Si lazima uwe umemzaa mtoto ndipo usikilizwe, wewe unaishi naye. Sikuahidi kwamba mchimba dhahabu wa Chunya atapatikana kesho. Lakini asipopatikana, na awe amekosekana kwenye faili la serikali, si kwenye simu yako peke yako.

Kuna jambo nimeliona kwa ulichokiacha. Hukuandika popote kwamba mwenyekiti wa mtaa anajua unao watoto hawa. Nahisi ulinyamaza kwa aibu, watu wasiseme umeshindwa. Kaya yako ina watu wanane. Kama serikali ya mtaa inakuhesabu watano, basi watatu hawapo popote. Nenda kawaandikishe. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wanapoandikisha kaya maskini, majina hupitishwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, na ruzuku ya mpango ule hutazama watoto waliomo ndani ya kaya, wanaokwenda shule na kliniki. Siku ya mkutano simama useme wanane. Kila mtaa pia unatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, mwulize mwenyekiti nani wamo. Kama shangazi au mtu mwingine atakuja kumchukua binti kwa nguvu, piga 116, ni namba ya mtoto, haina malipo.

Matibabu nimekupigia hesabu. Bima ya kaya kwa kawaida huhesabu watu sita, hata ile ya CHF iliyoboreshwa ya shilingi 30,000 ilikuwa hivyo. Ninyi ni wanane, na ndiyo maana wengi wenye watoto wa ndugu hukata tamaa wakaacha kabisa. Lakini sera ya afya inamsamehe mtoto aliye chini ya miaka mitano, na inamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza. Muombee mama kitambulisho cha mzee. Mdogo bado hajafika mitano. Wanabaki sita. Uliza zahanati bima inayotolewa sasa ni ipi na ni kiasi gani, uende ukijua kwamba mnatosha kadi moja. Na cheti cha kuzaliwa cha huyo mdogo, kama hana, ulizia ofisi ya kata au kituo cha afya sasa, kabla hajafikisha mitano. Baada ya hapo safari huwa ndefu.

Shule: tangu mwaka 2016 hakuna ada msingi mpaka kidato cha nne. Kinachowatoa watoto wetu ni sare, viatu, daftari na michango. Mwone mwalimu mkuu wa binti sasa, mwambie ni yatima wa mama na analelewa na wewe. Walimu wengi hawajui, wanaona tu mtoto mwenye sare iliyofifia.

Kausha damu: usichukue mwingine wa kufunika huu. Kwenye mbalamwezi ndiko unakozama, kwa hiyo wakati wa giza tenga kila siku kisado kimoja cha dagaa waliokauka vizuri, usikiuze mpaka mbalamwezi. Ni akiba usiyotozwa riba. Kikundi cha kina mama wa hapo mwaloni kama kipo, jiunge, hata kwa hisa moja.

Na mume wako. Alikuuliza mwisho wake ni wapi, akastahili jibu. Mdogo ana minne, mwisho wake ni miaka 14 kutoka sasa, akifikisha 18. Mwambie hivyohivyo, namba kamili. Nadhani mwanamume anayeuliza vile haombi watoto waondoke, anaomba kuona kwamba mzigo una watu wengine chini yake. Mwambie habari ya shamba, na umuombe aende nawe Simbo. Asiende kugombana. Aende akahesabu miti, aandike ni mingapi inazaa, na apige picha kwa simu yake.

Ukishakipata cheti cha kifo niandikie tena, uniambie na kikao kimepangwa lini. Nitakueleza maswali ambayo hakimu huwa anauliza.